Mwongozo wa Kupasua na Kulinganisha Papa na Perege: Samaki wa Gegedu na Samaki wa Mifupa Mezani

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwalimu wa biolojia na wanafunzi wake, wenye meza, kisu kikali na muda wa kutosha kufanya kazi bila haraka. Lengo lake ni kuwaweka samaki wawili ubavu kwa ubavu, papa mdogo au taa (yule samaki bapa mwenye mkia mrefu) kwa upande wa samaki wa gegedu, yaani wenye kiunzi laini kinachopindika badala ya mifupa migumu, na perege kwa upande wa samaki wa mifupa, kisha kuwachunguza kiungo kwa kiungo. Wanafunzi wengi hukariri jedwali la tofauti za makundi haya kwa ajili ya mtihani na kulisahau muda mfupi baadaye, kwa sababu jedwali halielezi tofauti hizo zimetoka wapi. Samaki wote, wa kundi lolote, wanakabiliwa na mambo matatu yale yale: kuelea bila kupoteza nguvu nyingi, kupata oksijeni ndani ya maji, na kutunza kiwango cha chumvi na maji mwilini. Mengi mtakayoyaona chini ya kisu yanatokana na namna kila kundi lilivyoyatatua mambo hayo, kwa hiyo yaandikwe ubaoni kabla kazi haijaanza.

Kuwapata samaki na vifaa

Perege, ambaye watu wa Kanda ya Ziwa humwita sato, hupatikana karibu kila soko. Chagueni mwenye urefu wa sentimita ishirini au zaidi, ambaye hajaparuliwa magamba wala kutolewa matumbo, mwenye macho maangavu na matamvua mekundu. Papa anahitaji uangalifu zaidi. Tathmini ya kimataifa iliyotolewa mwaka 2021 ilionyesha kwamba zaidi ya theluthi moja ya aina za papa, taa na jamaa zao ziko hatarini kutoweka kwa sababu ya kuvuliwa kupita kiasi, na kwa hiyo hakuna sababu ya shule kuagiza papa avuliwe kwa ajili ya somo. Nendeni dikoni au sokoni asubuhi, mtafute papa mdogo au taa aliyekwisha kunaswa katika nyavu za samaki wengine, na muulizeni afisa uvuvi kama aina hiyo inaruhusiwa. Papa upanga wasiguswe kabisa, kwa kuwa wote wamo katika Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini kutoweka. Papa nyundo nao waachwe, kwani aina zao kubwa ziliwekewa masharti ya biashara na mkataba huo mwaka 2013. Kichwa na matumbo ambayo mchuuzi angeyatupa vinatosha kwa sehemu kubwa ya somo, na shule zilizo mbali na bahari zinaweza kununua kipande cha papa mkavu chenye uti wa mgongo, ambacho kitafaa kwa hatua zinazohusu gegedu.

Vifaa ni sinia pana, kisu chembamba, mkasi wenye ncha moja butu, kibano, lenzi ya mkono, rula, glavu, ndoo ya taka na maji mengi. Taa anapofika mezani, jambo la kwanza kabisa ni kuukata mwiba ulio juu ya mkia wake kwa koleo na kuuzika, kwa maana sumu yake hubaki na nguvu hata samaki akishakufa. Bunju asitumike kwa namna yoyote, na tasi ashikwe kwa glavu kwa sababu miiba ya mapezi yake huchoma na kuumiza. Samaki aliyehifadhiwa kwa fomalini hatakiwi kuliwa na mtu wala kupewa paka.

Hatua ya kwanza: Ngozi na magamba

Mwambieni mwanafunzi apitishe kiganja juu ya ubavu wa papa kutoka kichwani kwenda mkiani, halafu arudishe kiganja taratibu kuelekea kichwani. Mara ya kwanza ngozi huteleza, mara ya pili hukwaruza, na ukali wake ni wa kutosha kuifanya ngozi ya papa itumike zamani na maseremala kulainishia mbao. Kateni kipande kidogo cha ngozi hiyo mkiweke chini ya lenzi. Mtaona vijino vidogo sana vilivyopangwa vyote vikielekea nyuma, na neno vijino hapa ni sahihi kabisa, kwa kuwa kila kimoja kina tundu la ndani lenye mishipa, dutu ngumu ya jino, na tabaka gumu la juu. Papa anapokua vijino hivyo haviongezeki ukubwa pamoja naye. Vingine vipya huota katikati ya vilivyopo.

Gamba la perege ni kitu kingine. Ling'oeni moja kwa kibano, lisafisheni kwa maji, kisha litazameni dhidi ya mwanga. Ni kipande chembamba cha mfupa kilichozama katika mfuko wa ngozi, na mistari ya duara iliyo juu yake iliongezwa kadiri samaki alivyokua. Mkipata gamba la sangara, papaseni ukingo wake wa nyuma kwa ncha ya kidole; utakwaruza kidogo, wakati ule wa perege ni laini.

Kabla ya kuendelea, fuateni mstari wa ubavuni wa perege, ule mfululizo wa matundu madogo ambao samaki huutumia kuhisi mtikisiko wa maji. Kwa samaki wengi mstari huo huenda bila kukatika, lakini kwa perege umegawanyika sehemu mbili, ya juu ikiishia nyuma ya katikati ya mwili na ya chini ikianza pale na kufika mkiani. Hesabuni pia matundu ya pua. Samaki wengi wa mifupa wana mawili kila upande, na perege ana moja tu. Hizo ni alama mbili za ukoo wake ambazo mwanafunzi akiziona mwenyewe mara moja hazimtoki tena.

Kwenye pua ya papa, geuzeni kichwa chini ya mwanga mkibonyeze taratibu. Kutoka katika matundu mengi yaliyotapakaa chini na pembeni mwa pua utatoka ute mzito kama uji. Matundu hayo yalielezwa na Stefano Lorenzini wa Italia mwaka 1678, na ni viungo vya kuhisi umeme hafifu unaotolewa na misuli ya windo, hata windo hilo likiwa limejifukia mchangani.

Hatua ya pili: Mapezi, mkia na jinsia

Papa hawezi kuyakunja mapezi yake, kwa kuwa yameshikiliwa na vipande vya gegedu na nyuzi ngumu. Perege hulisimamisha pezi la mgongo na kulilaza apendavyo. Sehemu yake ya mbele ina miiba migumu na ya nyuma ina mihimili laini iliyogawanyika. Katika mkia wa papa, papaseni kwa kidole mpaka mhisi uti wa mgongo ukipanda na kuingia katika tawi la juu, ambalo kwa kawaida ni refu kuliko la chini. Uti wa perege huishia kwenye shina la mkia, na pezi lake hugawanyika sawasawa juu na chini.

Jinsia ya papa au taa hujulikana kwa kumgeuza tu. Dume ana viungo viwili virefu vilivyoota kwenye kingo za ndani za mapezi ya tumboni, ambavyo hutumika kupitisha mbegu ndani ya mwili wa jike. Kwa perege, tazameni kwa lenzi nyuma ya tundu la haja kubwa: dume ana tundu moja zaidi linalopitisha mkojo na mbegu pamoja, na jike ana mawili zaidi, moja la mayai na jingine la mkojo. Wafugaji wa samaki hutumia alama hiyo kila siku wanapotenga madume.

Hatua ya tatu: Kinywa na matamvua

Inueni kifuniko cha matamvua cha perege mkikate kwa mkasi kwenye mzizi wake. Chini yake mtakuta matao manne kila upande, kila tao likiwa na safu mbili za nyuzi nyekundu upande wa nje na vijiti vifupi vya kuchujia chakula upande wa ndani. Toeni tao moja mliweke katika bakuli la maji. Nyuzi zilizokuwa zimeshikana zitatawanyika, na mwanafunzi ataelewa mara moja kwa nini samaki aliyetolewa majini hukosa pumzi ilhali hewa imemzunguka. Damu ndani ya nyuzi hizo huelekea upande ulio kinyume na mkondo wa maji, hivyo popote pale maji yana oksijeni zaidi ya damu iliyo jirani yake, na oksijeni huendelea kuingia mpaka mwisho wa safari. Mpangilio huu ni wa samaki wa makundi yote mawili, na ningeshauri mwalimu atumie muda mrefu kuuchora ubaoni kuliko kutaja majina ya matao.

Papa hana kifuniko. Ana mipasuo ya matamvua, mitano kila upande kwa aina nyingi, na kila mpasuo umetenganishwa na mwenzake kwa ukuta unaofika hadi kwenye ngozi. Taa ana mipasuo hiyo upande wa tumbo, na hapo ndipo atofautikanapo na papa bapa. Kwa kuwa hulala juu ya mchanga, huvuta maji kupitia matundu mawili yaliyo nyuma ya macho yake. Si kweli kwamba kila papa hufa akisimama. Papa wa baharini kabisa huogelea bila kukoma ili maji yapite, lakini wapo wanaolala chini na kuyasukuma maji kwa misuli ya kinywa.

Ndani ya koo la perege, nyuma ya matao, kuna mfupa mdogo wa pembetatu uliojaa vijino. Huo ni utaya wa pili, na unasaga chakula ambacho utaya wa mbele umekikusanya tu. Utoeni, uchemsheni kidogo, uusugueni kwa mswaki, na muutunze.

Hatua ya nne: Kufungua tumbo

Anzeni mbele kidogo ya tundu la haja, na ncha butu ya mkasi iwe ndani ili utumbo usitobolewe. Kateni kwenda mbele katikati ya tumbo mpaka chini ya koo, kisha kateni ukuta wa ubavu mmoja kuelekea juu na kuuondoa wote. Ukuta wa ndani wa perege una utando mweusi, jambo ambalo humtisha mwanafunzi anayedhani samaki ameoza. Ni hali yake ya kawaida.

Kitakachotangulia kuonekana kwa papa ni ini. Lina matawi mawili makubwa yanayokaribia kuujaza mwili wote, na mafuta yake hubaki kwenye glavu. Lipimeni kwenye mizani, mpime na mwili mzima, kisha mpate uwiano. Kwa baadhi ya papa wa kina kirefu ini hufikia robo ya uzito wote wa mwili. Mafuta ni mepesi kuliko maji, na kwa papa, ambaye hana kibofu cha hewa, ini hilo pamoja na gegedu jepesi na mapezi mapana ndivyo vinavyompunguzia kuzama. Mafuta hayo hayo, yaitwayo sifa, ndiyo yaliyopakwa mbao za majahazi ya pwani yetu kwa vizazi vingi ili zisiliwe na wadudu wa baharini. Kateni kipande cha ini mkitumbukize katika glasi ya maji ya chumvi pembeni ya kipande cha nyama ya ubavu, na muone kipi kinashuka haraka.

Ini la perege ni dogo. Liinueni pamoja na utumbo, mkijihadhari na mfuko wa nyongo ambao ukipasuka hutia kila kitu rangi ya kijani, na chini ya uti wa mgongo mtaona kibofu cheupe kinachong'aa. Usikitoboe kabla wenzako hawajakiona. Perege hana mrija wa kukiunganisha kibofu na koo, kwa hiyo gesi huingizwa na kuondolewa kupitia damu, kwenye mtandao mzito wa mishipa midogo ulio katika ukuta wake. Samaki wa namna hii akivutwa haraka kutoka kina kirefu, gesi hutanuka kabla haijapata nafasi ya kutoka, na tumbo lake huvimba. Wakazi wa Mwanza na Kisumu wanakifahamu kiungo hiki kwa njia nyingine, kwa maana vibofu vya sangara, yaani mabondo, hukaushwa na kusafirishwa kwenda Asia kwa bei kubwa.

Hatua ya tano: Utumbo na chumvi

Nyoosheni utumbo wa perege juu ya rula. Umekunjwa mara nyingi na urefu wake ni mara kadhaa ya urefu wa samaki mwenyewe, kwa sababu anakula mwani na mimea ambayo humeng'enywa polepole, baada ya asidi kali ya tumbo kuvunja kuta za seli zake. Papa anakula nyama, na utumbo wake ukiutazama nje ni mfupi na mnene kiasi cha kustaajabisha. Upasueni kwa urefu. Ndani yake kuna utando mpana unaozunguka kutoka mwanzo hadi mwisho. Kwa aina nyingine unapanda kwa mizunguko iliyotengana, na kwa nyingine, wakiwemo papa nyundo, umejiviringisha wote kama mkeka uliokunjwa. Chakula hulazimika kupita juu ya eneo kubwa ndani ya nafasi ndogo, na nafasi iliyobaki mwilini huachiwa ini na, kwa majike, watoto. Ningekuwa na nusu saa tu na papa, ningeitumia hapa.

Mwishoni mwa utumbo huo tafuteni kiungo kidogo kilichochongoka kinachoning'inia kwa mrija wake. Mwaka 1960 watafiti Burger na Hess walionyesha, kwa kutumia papa wa Atlantiki, kwamba kiungo hiki hutoa maji yenye chumvi nyingi kuliko damu. Ni sehemu ya utaratibu mkubwa zaidi. Papa huhifadhi urea, taka ambayo mamalia huitoa kwa mkojo, katika damu na nyama yake kwa kiasi ambacho kingemuua mnyama mwingine, na pamoja nayo dutu nyingine inayozilinda protini zisiharibiwe na urea hiyo, ili ukolezi wa damu yake ulingane na wa bahari au uuzidi kidogo. Kwa hiyo bahari haimnyonyi maji. Samaki wa mifupa wa baharini, mfano nguru au changu, ana damu yenye ukolezi wa karibu theluthi moja ya maji ya bahari. Hupoteza maji muda wote, hunywa bahari ili kuyafidia, na chumvi huitoa kwa seli maalumu za matamvua. Perege wa maji baridi yuko upande wa pili: maji humwingia bila kukaribishwa, na figo zake, zile tepe nyekundu iliyokoza zilizolala chini ya uti wa mgongo, hutoa mkojo mwingi mwepesi.

Urea ndiyo sababu ya harufu inayowasumbua wapishi. Papa akifa, bakteria huivunja kuwa amonia, na ndiyo maana mvuvi mzoefu humtoa damu mapema na mpishi humloweka kabla ya kumpika.

Hatua ya sita: Moyo na viungo vya uzazi

Moyo uko mbele sana, chini ya koo, katika chumba chake kilichotengwa na tumbo. Una chumba kimoja chembamba cha kupokea damu na kimoja chenye misuli cha kusukuma, na damu hupita humo mara moja tu katika kila mzunguko, ikielekea matamvuani. Tofauti iko kwenye mlango wa kutokea: kwa papa ni mrija wa misuli wenye vali ndani yake, na kwa perege ni uvimbe mweupe unaonyumbuka bila kujikaza wenyewe.

Ovari za perege jike zina mayai makubwa ya manjano, mamia tu, kwa kuwa huyabeba kinywani mpaka yaanguliwe. Papa jike anaweza kuwa na watoto kamili tumboni, kila mmoja akiwa na mfuko wa kiini, au mayai yenye ganda gumu, kutegemea aina. Mkiwakuta watoto wahesabuni, muandike idadi yao pembeni ya idadi ya mayai ya perege, na mjadiliane ni kundi lipi litachelewa kurudisha idadi yake likivuliwa sana.

Hatua ya saba: Kichwa, mifupa na gegedu

Fuvu la papa linaweza kunyolewa kwa kisu, tabaka baada ya tabaka, mpaka ubongo uonekane. Sehemu za mbele zinazoshughulikia harufu zitawashangaza kwa ukubwa. Fuvu la perege likatwe kwa mlalo juu kidogo ya macho. Ondoeni ubongo taratibu, kisha ingizeni kibano katika vishimo viwili vilivyo chini na nyuma yake, na mtatoa mawe mawili meupe ya sikio. Yameundwa kwa kalsiamu kaboneti, na mwaka 1971 Giorgio Pannella alionyesha kwamba yana mistari inayoongezeka kila siku, hivyo umri wa samaki mchanga unaweza kuhesabiwa kwa siku. Sikio la papa lina chembechembe tu, na umri wake husomwa katika pete za pingili za uti wa mgongo. Kata pingili moja katikati mzione.

Mwisho, wekeni ubavu wa perege katika siki kwa siku chache. Madini yatayeyuka na mfupa utapindika bila kuvunjika. Gegedu la papa hupindika tangu mwanzo, lakini litazameni juu ya utaya kwa lenzi: limefunikwa na vigae vidogo vya madini vinavyolipa ugumu. Vitabu vinavyosema gegedu ni mifupa ya kale ambayo haikukamilika vinapaswa kusahihishwa. Mwaka 2020 wanasayansi walieleza kisukuku cha samaki kutoka Mongolia, Minjinia turgenensis, mwenye umri wa miaka milioni 410 hivi, ambaye fuvu lake lilikuwa na mfupa wa ndani. Yaelekea mababu wa papa walikuwa na mfupa, na papa wakauacha.

Hatua ya nane: Kulipima jedwali kwa kamongo

Darasa likishajaza jedwali lake la tofauti za makundi haya mawili, shule za Kanda ya Ziwa zimlete kamongo. Ni samaki wa mifupa kwa nasaba, ingawa sehemu kubwa ya mifupa yake ni gegedu. Ana mapafu anayoyategemea kupumua, na utumbo wake una utando wa mzunguko ule ule walioukuta kwa papa. Silikanti, samaki wa baharini wa nasaba ya kale ambaye hifadhi yake ya bahari iko Tanga, naye ni wa kundi la mifupa, lakini huhifadhi urea mwilini na ana utando huo. Wanafunzi warudie kila mstari wa jedwali na kuandika pembeni kama kamongo anautii, kisha waeleze kwa maandishi ni alama zipi zimebaki.

Mawe ya sikio yahifadhiwe makavu katika bahasha yenye jina la samaki, urefu wake na tarehe. Pingili za papa ziwekwe katika spiriti ya asilimia 70, kwa kuwa zikikauka hujikunja na pete hazisomeki tena. Mabaki mengine yazikwe kwa kina cha kutosha ili mbwa wasiyafukue, na meza ioshwe kwa sabuni na limau.